Kibali cha Chumba cha Mama

2 Machi, Jumapili

Dada yangu mpenzi, shikamoo. Assalamu alaykum, wewe na wote wa nyumbani kwako. Hujambo lakini? Na hayo magoti yako, bado yanakutangazia mvua kabla ya redio? Sisi huku tunamshukuru Mungu, isipokuwa hili la Mama, ambalo ndilo lililonishikisha kalamu.

Ulinilaumu kwenye simu kwamba ukiniuliza habari za Mama nakujibu "mzima" halafu nakata. Ni kweli, na hukustahili. Basi nitakuandikia siku zake kadiri nitakavyopata nafasi, siku nyingine mstari mmoja, siku nyingine nitakuchosha. Masika yakiisha nitakutumia kurasa zote kwa mkono wa msafiri. Shule unajua niliiachia njiani, kwa hiyo nikikosea, soma nilichotaka kusema.

Mguu wa kushoto bado haujamrudia tangu kiharusi. Analala sebuleni nyuma ya pazia, na choo kiko kule uani, ng'ambo ya ile sakafu yenye ukungu unaoteleza. Hawezi kwenda peke yake. Mmoja wetu humshika mkono, akaingia naye mpaka ndani, akamsubiri. Mama aliyetuogesha sisi sote, dada. Siku hizi anapunguza kunywa maji ili asitusumbue. Hilo hajaniambia, nimeliona kwenye gudulia.

Kaka alipiga simu jana. Alisema, "Masika yakimkuta Mama bado anavuka uani kwenda chooni, nakuja kumchukua." Ana nia njema, na anampenda Mama kuliko anavyojua kusema. Lakini kwake ni ghorofa ya nne, na lifti yake huugua kuliko Mama. Nilipomfikishia habari, Mama akauliza, "Huko juu nitasalimiana na nani? Na njiwa?" Wewe unamjua. Mtu akipita barabarani bila kumwamkia, chakula hakimshuki.

Kwa hiyo mimi na Baba watoto tumeamua. Tunamjengea chumba nyuma ya nyumba, kishikane na sebule, na choo chake humohumo ndani, aende mwenyewe bila kushikwa mkono. Inshallah kiishe kabla mvua hazijakaza, na Kaka asiwe na la kusema.

5 Machi

Fundi amekuja. Mtaani wanamwita Fundi Kesho, lakini ukuta wake haupindi. Nilimuuliza kama hatuhitaji kibali cha manispaa. Akacheka. "Kibali ni cha maghorofa, mama. Hiki chako ni banda la kuku lililonenepa." Nikaridhika, maana ndilo jibu nililokuwa nalitafuta.

8 Machi

Msingi umechimbwa. Nimesoma dua, Baba watoto akaitikia amina huku anahesabu tofali kwa macho.

11 Machi

Kuta zimefika magotini. Mama leo kachangamka. Nilikuwa zamu ya asubuhi, kule hospitali ninakofulia mashuka yamejaa, na niliporudi akanipa habari kwamba amepata mgeni pale barazani. Kijana wa heshima, shati jeupe. Kamwamkia vizuri, kanywa maji, kamsikiliza habari za mguu mpaka mwisho.

"Jina lake nani?" nikamuuliza.

"Sikumuuliza. Mtu wa heshima haulizwi jina mlangoni kama mwizi."

13 Machi

Jirani yetu Mama Mapacha alichungulia juu ya uzio. "Mnasogea mpaka wapi?" akauliza. Nikamjibu, "Mpaka Mungu atakapotufikisha." Hakucheka.

14 Machi, Ijumaa

Sina mkono wa kuandika, lakini nitaandika.

Nilimpeleka Mama kliniki kwenye mazoezi ya mguu. Tuliporudi tukakuta alama ya X nyekundu kwenye ukuta mpya, kubwa kama mtu aliyetanua mikono na miguu, na chini yake SIMAMISHA UJENZI. Rangi bado inachuruzika. Langoni pamebandikwa karatasi: mwenye nyumba afike ofisi ya mipango miji. Fundi alikuwa ameshafunga vifaa vyake kwenye baiskeli.

"Kumbe banda la kuku nalo huandikwa," nikamwambia.

"Mama, hapa kuna mtu kakuchongea. Hawa hawaingii uani kwa watu bila kuonyeshwa njia." Halafu akashusha sauti. "Lakini mambo haya yana njia yake. Chai kidogo kwa mkaguzi, alama inafutika yenyewe."

"Mama yangu ataswali humo ndani," nikasema. "Chumba kilichosimama kwa rushwa nikielekeze kibla gani?"

Akainama, akafunga kamba ya baiskeli iliyokuwa imeshafungwa. Si mtu mbaya. Amezoea tu.

Mama aliuliza ile nyekundu ni nini. Nikamwambia ni vipimo vya mafundi. Mungu anisamehe.

Aliyetuchongea namjua. Nani mwingine anachungulia juu ya uzio na kuuliza tunasogea mpaka wapi? Mtu tuliyempelekea uji alipojifungua wale mapacha wake. Baba watoto anasema nisimhukumu mtu kwa kichwa kilichoonekana juu ya uzio. Anasema hivyo kwa sababu yeye hana moyo wa kukasirika, anao wa kusinzia.

15 Machi

Nimepita kwa Mama Mapacha. Sikutoa salamu.

16 Machi

Sikutoa tena. Swala ya asubuhi ilikuwa nzito kidogo.

17 Machi, Jumatatu

Ofisi ya mipango miji ni chumba kirefu chenye benchi moja, feni inayonung'unika, na ramani ya mji iliyopakwa rangi kama nguo ya mtoto. Nimekaa kwenye benchi mpaka miguu ikafa ganzi. Mkaguzi aliponiita kwenye meza yake nilikuta kijana tu, umri wa mwanangu wa kwanza, kucha safi.

Neno lake la kwanza lilikuwa, "Mama yako anaendeleaje na mguu?"

Hata ugonjwa wa mzazi wangu yule mwanamke kautangaza manispaa! Nikajibu kwa ufupi kwamba anaendelea.

Akanieleza bila kupandisha sauti, kama anayemfundisha mtu kusoma saa. "Ukipaka rangi, ukibadilisha bati bovu, ukitengeneza mlango, hatukuulizi, mama. Nyumba ni yako. Lakini ukichimba msingi, ukipandisha ukuta, ukipitisha bomba la choo, njoo kwetu kwanza."

"Ni chumba cha mgonjwa."

"Ukuta ukianguka hauulizi nani mgonjwa." Kisha akauliza, "Ni cha kuishi kweli, au mnataka kupangisha, au duka?" Akanyoosha kidole kwenye ramani. "Mtaa wenu ni huu wa manjano, makazi peke yake. Ukitaka biashara hilo ni ombi jingine, na huenda likakataliwa."

"Mwanangu, mama yangu hauzi kitu. Anasalimia watu tu."

"Najua," akasema, na nikaona anazuia kucheka. Sikupenda.

Nimetakiwa nipeleke mchoro wa mtu aliyesajiliwa, nakala ya hati ya kiwanja, na saini ya jirani wa upande tunaojengea, kuthibitisha kwamba ameuona mchoro. Yaani Mama Mapacha.

20 Machi

Mawingu upande wa machweo. Hayajashuka.

22 Machi

Mchoraji amekuja, binti mwenye miwani na futi kiunoni. Alipima kimyakimya, kisha akasema maneno yaliyomfanya Fundi Kesho akae juu ya ndoo: ukuta wa nje uko karibu mno na mpaka. Lazima ubomolewe, uingie ndani.

"Hatua mbili tu hizi," Fundi akalalamika. "Nani ataziona?"

"Jirani," binti akajibu. "Na moto, ukitokea. Watu wapite wapi na ndoo?"

Fundi alibomoa jioni ileile. "Nimekuwa fundi wa kubomoa," akawa anaimba peke yake. Chumba kimebaki na nafasi ya kitanda, kiti, kabati dogo, na mswala. Mama anasema kaburi ni dogo zaidi, na watu hawalilalamikii.

24 Machi

Baba watoto: "Saini imepatikana?" Mimi: "Kesho." Yeye: "Siku hizi Fundi Kesho ni wewe."

27 Machi

Leo nimekwenda. Nilimkuta Mama Mapacha kwenye kisima chake, anavuta maji, mapacha wamemshika gauni huku na huku.

"Hodi."

"Karibu. Leo umepotea njia?"

Nikamnyooshea mchoro bila kupamba maneno. Akapangusa mikono, akauliza, "Nisaini wapi?"

"Usome kwanza."

"Nimemwona mama yako akivushwa hapo uani kila siku ya Mungu. Nisome nini zaidi?" Akasaini juu ya goti. Halafu akanitazama. "Haya, nami nina swali. Nimekukosea nini? Unanipita kama nguzo ya umeme."

Nikamwambia ukweli wangu, kwamba mtu katuchongea manispaa, na kichwa kilichokuwa juu ya uzio nilikiona.

Dada, alicheka mpaka akaweka ndoo chini. "Aliyewachongea ni mama yako."

Nikamwambia hilo si la mzaha.

"Nakwambia niliona kwa macho yangu. Yule kijana alikuwa anaelekea pale kona wanapojenga ghorofa, na makaratasi yake mkononi. Mama yako akamwita kutoka barazani, 'Mwanangu, unaonekana mtu wa mambo ya nyumba wewe, hebu njoo uone binti yangu anavyonijengea.' Mimi nilikuwa naanika nguo. Nikamkonyeza mama yako, nikamkoholea. Akaniambia, 'Kifua hicho, kanywe tangawizi.'"

Nilitamani kisima kinimeze, lakini ni cha watu.

"Na kuhusu mpaka," akaongeza, sasa hacheki, "nilikuuliza kwa ajili ya haya maji. Wanangu wanakunywa haya haya." Nikamwonyesha kwenye mchoro kwamba bomba la choo linatokea upande wa pili kabisa. Akashusha pumzi. Angeniambia siku ile ile, kama ningemjibu kama jirani.

Nikarudi kwa Mama. "Yule mgeni wako wa shati jeupe, ulimwonyesha nini?"

"Kila kitu," akasema kwa fahari. "Mpaka choo kitakapokaa. Alifurahi sana mtoto yule. Akawa anaandika."

"Aliandika nini, Mama?"

"Sifa zenu, nadhani."

Sikumwambia. Nimekwenda nyuma ya nyumba nikacheka mbele ya ile X, kisha nikalia kidogo, kisha nikatawadha.

30 Machi

Karatasi zote zimepelekwa. Sasa tunangoja. Nimempelekea Mama Mapacha maandazi. Kayapokea, lakini kasema nisidhani yeye hununuliwa kwa maandazi, nilete tena kesho.

2 Aprili

Mvua.

3 Aprili

Mvua.

5 Aprili

Mvua ya kumwaga. Mama kaanguka.

Nilikuwa nimemshika mkono wa kulia, Baba watoto kashika mwavuli, na bado ukungu ule ulitushinda. Alikwenda chini taratibu, kama nguo inayoteleza kwenye kamba, na mimi nikaenda naye. Mfupa haukuvunjika, alhamdulillahi, ila kiwiko kimevimba na upande wote umechubuka. Alipokuwa pale chini, maji ya mvua yanapita chini yake, hakulia. Alisema, "Nifunikeni miguu, watu wasinione."

Hospitali wamemfunga mkono. Sasa hata fimbo haishiki vizuri.

Kaka kaipata habari kabla sijajua nimwambieje. Hakufoka. Ningependa angefoka. Alisema, "Mdogo wangu, umejitahidi. Mwezi wa tano nakuja na gari. Mwandalie nguo zake."

Nikamwambia kibali kinakaribia.

"Kibali hakimshiki mtu anapoteleza," akasema.

Nilikaa kwenye mswala nikamwambia Mungu kwamba sishindani na kaka yangu, ila aniachie Mama. Kisha nikaona aibu, maana huko nako ni kushindana.

Tangu leo tumemwekea ndoo ndani, nyuma ya pazia. Anageuza uso ukutani tunapoitoa.

9 Aprili

Kibali kimetoka, kimegongwa mhuri. Tumekibandika karibu na mlango kama cheti cha ndoa. Mkaguzi mwenyewe ndiye aliyekikabidhi, akasema tumwite kabla ya kufunika msingi mpya, na tena kabla ya kufukia mabomba, na tena mwisho. "Msifukie kitu sijakiona." Niliuliza kwa nini hakutuambia siku ile ile alipokuwa barazani kwamba tunakosea. Akatazama viatu vyake. "Bibi alikuwa amefurahi sana. Nilishindwa kumwambia usoni. Nikaja wakati hayupo."

Nilimchukia mtu huyu mwezi mzima.

12 Aprili

Jua la asubuhi mpaka adhuhuri. Fundi kakimbia nalo. Mkaguzi kaona msingi, kasema sawa.

14 Aprili

Zamu ndefu kazini. Mvua. Hakuna kilichojengwa.

16 Aprili

Bati limepanda. Leo Mama kaingia kwa mara ya kwanza kukitazama chumba, amemshikilia Baba watoto begani. Akasimama katikati, akauliza, "Kibla kiko upande gani?" Tukamwonyesha. Akatazama pale sinki la choo litakapokaa, akahesabu kwa vidole.

"Kuna nini, Mama?"

"Nikikaa hapo, nitakuwa nimekielekea kibla moja kwa moja."

Ni kweli. Binti wa michoro hakujua, na sisi tuliokuwa tunajua hatukutazama. Tuliutazama mchoro mara ngapi, na hakuna aliyejiuliza. Mama akasema hatakitumia. "Tangu nilipopata akili sijawahi kukielekea kwa haja. Nisianze leo nikiwa karibu kurudi." Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu anayeaga.

"Hilo nalo ni jambo?" Fundi akadakia. "Nalihamishia ukuta huu mwingine, linageuka, mmemaliza. Kazi ya siku moja."

Nikamwambia fanya. Mama alinishika shavu.

18 Aprili

Choo kimehamia ukuta wa pili. Mama anafurahi.

22 Aprili, Jumanne

Mkaguzi amekuja kuona mabomba kabla ya kufukiwa. Akafungua mchoro. Akautazama ukuta, akautazama mchoro, akautazama tena ukuta.

"Mama, choo kimetembea."

Nikamweleza habari za kibla. Yeye si wa dini yetu, lakini alinisikiliza mpaka nikaishiwa. Kisha akanitoa nje, akanisimamisha palipochimbwa mtaro wa bomba jipya, na akaninyooshea mkono kuonyesha mbele. Sikuhitaji aseme. Pale mbele, upande wa pili wa uzio, Mama Mapacha alikuwa anavuta maji.

"Hapa huwezi kupitisha. Kisima kiko karibu mno. Bomba likivuja mwaka mmoja tu, wale watoto ndio watakaokwambia."

Dada, mimi ndimi niliyemwonyesha jirani kwenye mchoro kwa kidole changu hiki kwamba bomba halitapita kwake. Alisaini kwa sababu hiyo. Fundi alipolihamisha sikukumbuka hata mara moja. Nilifikiria kibla peke yake.

Kazi imesimamishwa tena. Safari hii hakuchora X. Aliandika tu kwenye karatasi yake, akasema turudishe bomba mahali pake. Nikamuuliza, je, tukifukia haraka, nani atajua? Maneno yalinitoka kabla sijayapima. Alikunja mchoro wake kama hakusikia, na nilimshukuru kwa hilo.

Mama alikuwa amesikia kupitia dirishani. Nilipoingia alikuwa amekaa wima kitandani.

"Basi mimi nilitaka kukiheshimu kibla kwa kumnywesha jirani uchafu wangu?" akasema. "Rudisheni kilipokuwa. Kama sitaweza kukitumia, ni heri niende na mwanangu kwenye ghorofa."

"Mama, usiseme hivyo."

"Nguo zangu zile za kitambaa chepesi ziweke juu. Huko juu kuna joto."

23 Aprili

Nimekwenda kwa Mama Mapacha kumweleza mwenyewe, kabla hajaambiwa na mtu. Nilisema yote, pamoja na lile swali la kufukia haraka. Hakucheka wala hakukasirika. Aliendelea kumsuka mmoja wa mapacha, kisha akasema, "Mwite yule binti wa miwani. Sinki ni lazima liutazame ukuta? Si linaweza kukaa ubavu?"

Mimi na fundi na Baba watoto, watu wazima watatu, hatukufikiria hilo.

24 Aprili

Binti kaja na mvua yake. Anasema inawezekana. Bomba libaki upande wake wa zamani, mbali na kisima, ila sinki ligeuzwe robo, ili Mama akikaa kibla kiwe begani kwake, si usoni wala mgongoni. Shida ni mlango: sinki likikaa hivyo, mlango wa kufungukia ndani utaligonga. "Basi ufungukie nje," akasema. Anachora marekebisho, yapelekwe ofisini. Nilidhani itakuwa safari ya mwezi. Ameniambia badiliko dogo kama hili halianzi upya, linafuata kibali chake.

Tulimweleza Mama. Akaomba penseli ya binti, akajichora mwenyewe pembeni ya mchoro, kiduara chenye mtandio. "Ili wasikosee niko upande gani."

25 Aprili

Mkaguzi aliupokea mchoro na kile kiduara. Aliangalia mlango kwa muda. "Huu wa kufungukia nje ni mzuri kuliko wa mwanzo," akasema. "Bibi yangu alianguka nyuma ya mlango wa kufungukia ndani. Tulisukuma, na kilichokuwa kinauzuia ni yeye mwenyewe." Akagonga mhuri.

27 Aprili

Mvua. Fundi kaja hivyo hivyo.

28 Aprili

Kaja tena. Nimemwambia jina lake litabidi libadilishwe. Akasema asipewe jina jingine, lile limemzoea.

1 Mei

Mabomba yamekaguliwa, yamefukiwa. Lipu imepigwa lakini haikauki kwa unyevu. Tumewasha jiko la mkaa humo ndani, milango wazi, Baba watoto analilinda kama mtoto mchanga.

4 Mei

Kaka kapiga simu. Jumanne anafika. Nikamwambia chumba kimebakiza ukaguzi wa mwisho. Akasema, "Umeniambia 'kimebakiza' tangu mwezi wa tatu."

6 Mei, Jumanne

Kafika na gari la rafiki yake, kiti cha nyuma kimetandikwa godoro na mto mpya. Amekonda, dada. Alimbusu Mama mkono uliofungwa, akaushikilia. Chumba alikitazama akiwa mlangoni, hakuingia. Mchana alikuwa anapanga nguo za Mama kwenye begi, moja moja, akizikunja kama zile za dukani. Mama alimtazama, hakumkataza. Nami sikumkataza. Kaka aliona nikitoa ile ndoo kutoka nyuma ya pazia, akarudi kukunja.

7 Mei, Jumatano

Nitaliandika hili taratibu.

Mvua ilianza alfajiri, na mkaguzi akaja nayo, suruali imelowa mpaka magotini. Kaka alikuwa ameshaweka begi karibu na mlango. Mkaguzi akaingia chumbani, akamwaga maji sakafuni aone yanakoelekea. Akaning'inia kwa uzito wake wote kwenye vyuma vya kushikilia vilivyo ukutani, mpaka Fundi akamwambia, "Mzee, ukiving'oa utavirudisha mwenyewe." Akafungua na kufunga mlango. Akasaini.

Mama alikuwa kwenye kiti chake sebuleni. "Sasa naruhusiwa?" akauliza.

"Chumba chako, bibi."

Akachukua fimbo kwa ule mkono mzima. Kaka akainuka haraka kumshika, na mimi pia.

"Kaeni," Mama akasema.

Tukakaa. Alikwenda polepole mno, mguu ule unaburuta, mkono mmoja kwenye fimbo, kiwiko kingine kinausoma ukuta. Akakifikia chuma. Akaingia. Kisha tukasikia mlango unafungwa, na baada yake komeo.

Hakuna aliyetazamana na mwenzake. Mkaguzi, Fundi, Baba watoto, Mama Mapacha aliyekuwa amekuja kuagana na Mama, sisi sote tukawa tunazungumza habari za mvua kwa sauti kubwa, kama watu wasiosikia chochote. Alikawia. Kaka akasimama.

"Mama?"

"Nipo," sauti ikatoka ndani. "Mna gari la kuwahi?"

Kaka akakaa. Baadaye yakasikika maji ya bomba, kidogo, kisha tena kidogo, na nikajua anatawadha. Alipotoka, uso wake ulikuwa unang'aa maji na mtandio umekaa sawasawa, kausawazisha mwenyewe kwenye kioo. Alikaa kwenye kiti cha chumbani kwake, akageuka kibla, akaswali.

Kaka alilichukua lile begi mlangoni. Alikwenda nalo chumbani kwa Mama, akangoja mpaka Mama alipotoa salamu ya kumaliza swala, akapiga goti sakafuni, akaanza kuzitoa nguo na kuzipanga kwenye kabati. Alipofika kwenye zile za kitambaa chepesi akauliza, "Hizi zikae juu au chini?"

"Chini," Mama akasema. "Nizifikie."

9 Mei

Kaka kaondoka leo na godoro lake. Kaniambia maneno machache mlangoni, nitakueleza tukionana, maana nikiyaandika nitalia juu ya karatasi. Mvua bado, lakini sasa iko nje tu.

Gudulia la Mama nalijaza mara mbili kwa siku.

Hapa naishia, dada yangu, kesho msafiri anapita kuchukua kurasa hizi. Mama anakusalimu sana, Baba watoto anakusalimu, Mama Mapacha naye, ingawa hamjaonana, anasema anakujua kwa simulizi. Mama ameniagiza nikuulize utakuja lini, kwa sababu chini ya kitanda chake pana nafasi ya godoro, na anataka kujua alinunue lini. Usinijibu "karibuni," anataka mwezi. Niandikie upesi, tafadhali.

Mdogo wako akupendaye